Makosa ya Mwalimu Tong

Shanghai, 14 Oktoba 1979

Mama Suisui,

Hamjambo huko Shikan? Mimi sijambo, ila nimekonda. Tumelundikana chumba kimoja: mama yangu, kaka na mkewe, mtoto wao, na mimi juu ya ubao niliouning'iniza karibu na dari. Nikiamka kwa pupa najigonga kichwa. Tangu serikali ituletee vijana wa mjini huko kulima, miaka kumi nilikaa na tope la mpunga wenu nikiota kurudi Shanghai, na Shanghai inanikaribisha kwa kunipiga utosini kila asubuhi.

Kazi nimepata. Mama amestaafu, nami nimeingia mahali pake kiwandani, kama ilivyo ruhusa kwa mtoto asiye na ndoa. Najua maneno hayo yanakuchoma, lakini tulikubaliana, Caihe. Talaka ile ni ya karatasi. Bila karatasi ile nafasi ya mama ingekwenda kwa mtu baki, na mimi ningezeekea huko nikivua viatu kila mvua ikinyesha. Nikishasimama nitawavuta wewe na mtoto. Usimwambie mtu neno hili la mwisho.

Sasa sikia habari njema. Kiwanda chetu huchapa vitabu, na wahariri wa Kiingereza walikuwa wanatafuta msaidizi. Wakasikia kwamba najua lugha. Wanatengeneza kitabu kidogo cha kuwafundisha watu wetu maneno ya kila siku ya Kiingereza, kila neno na maana zake na jinsi ya kulitumia. Chini ya neno inawekwa sentensi mbovu ya mwanafunzi wa Kichina, yenye alama ya kosa, kisha ile iliyonyooshwa, yenye alama ya vema. Siku hizi Kiingereza kimewapanda watu kichwani, hata muuza kabichi wa uchochoroni kwetu ananiaga kwa Kiingereza. Kitabu kitagombaniwa. Mimi nimepewa neno moja la majaribio, nalo ni wait, yaani kungoja. Nikilimudu watanihamishia kwa wahariri, na mhariri mwenye familia hupewa chumba.

Taabu ni kwamba sentensi mbovu hazitungiki. Nikikaa kuzitunga zinanuka uongo. Mhariri mkuu anataka makosa ya kweli, ya mtu aliyekuwa na jambo moyoni akashindwa kulisema. Nikakukumbuka. Niandikie kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa tukifanya wewe ukichochea moto na mimi nimeshika penseli nyekundu. Usifungue kamusi wala usijirekebishe. Andika linalokujia, ila neno hilo liwemo. Nitakusahihishia na kukurudishia.

Mvute Suisui masikio kwa niaba yangu.

Gu Yanchu


Shikan, 2 Novemba 1979

Baba Suisui,

Barua yako ililetwa na Mzee Hu wa posta, akaisoma anwani kwa sauti ya kuuza samaki, kijiji kizima kikasikia. Mke wa katibu wa kijiji akasema, "Kumbe bado anaandika!" Nikamwambia, "Anaandika, dada. Wako yuko nyumbani siku zote na hajawahi kukuandikia hata jina lako." Akaondoka na ndoo yake nusu tupu.

Kwa hiyo mimi ndiye hodari wa makosa Shanghai nzima. Asante kwa sifa. Mwanamume mwingine akimkumbuka mkewe hukumbuka mashavu yake.

Darasa uliloniachia bado ninalo. Watoto wananicheka kidogo kuliko walivyokucheka wewe, kwa sababu mimi nachapa. Jioni narudi, nawasha moto, naweka karatasi yako juu ya kifuniko cha pipa la mchele, naandika. Penseli nyekundu uliyoiacha bado iko kwenye tundu la ukuta. Siigusi.

Suisui ana miaka minne sasa na miguu kama ya mbuzi. Trekta la ushirika likipita darajani anakimbia kumuuliza dereva, "Umemleta baba?" Dereva humjibu, "Leo nimeleta mbolea." Jana tena mbolea. Usiku kaniuliza kama baba na mbolea vinatoka mahali pamoja. Nikacheka, kisha nikajificha nyuma ya jiko nikalia, ukitaka kujua ukweli.

Haya, makosa yako haya hapa. Sikufungua kamusi.

"Binti yangu ngoja baba kila siku daraja."

"Mimi ngoja barua, uji wangu yeye baridi."

"Watu sema wewe si kuja. Mimi sema funga mdomo, mimi ngoja."

Cheka ukimaliza, lakini jibu.

Caihe wako


Shanghai, 25 Novemba 1979

Mama Suisui,

Dhahabu! Dhahabu tupu! Niliziweka mezani kwa mhariri mkuu, akavua miwani kwa kicheko, akasema, "Huyu ndiye Mchina halisi anayejifunza Kiingereza. Umemtoa wapi?" Nikasema ni mwalimu wa kijijini niliyekuwa nikimfahamu.

Nimekurudishia karatasi ikiwa imesahihishwa. Shika hili: Kiingereza hakikuruhusu umngoje mtu hivi hivi, lazima utie kineno kidogo, for, kati yako na yeye. Ile ya daraja tumekwisha kuipokea. Ile ya uji pia.

Nina ombi. Kiingereza kiandike kwenye karatasi yake peke yake, bila jina langu wala "Baba Suisui", kwa sababu karatasi hizo zinapita meza kwa meza. Mambo ya nyumbani yaweke kwenye karatasi nyingine, niyasome mwenyewe. Na mimi ofisini nitakuita Mwalimu Tong. Usinune. Hapa kila mtu ana masikio, na talaka yetu inapaswa kuonekana ya kweli mpaka nipate chumba.

Ongeza nyingine. Usiandike vizuri mno.

Yanchu


Shikan, 20 Februari 1980

Baba Suisui,

Mwaka Mpya wetu wa Kichina umepita. Nilitwanga mchele wa kunata peke yangu kwa sababu kaka yangu alisema hatwangii mtu aliyeachwa. Usiku wa mkesha niliweka bakuli lako na vijiti vyako mezani. Suisui akala chakula chake, akaangalia bakuli lako, akaniuliza kama anaweza kukusaidia kumaliza. Nikamwambia msaidie.

Ulipoondoka ulisema utakuja Mwaka Mpya. Haya, treni zilijaa. Nimekwisha kukujibia mwenyewe, usijisumbue.

Nina zawadi yako. Kuna masomo ya Kiingereza redioni kila asubuhi, na kipaza sauti cha kijiji kiko juu ya zizi la nyati. Basi miezi mitatu hii nimesimama na nyati nikifuata masomo, na mimi na yeye sasa tunasema vizuri. Karatasi ya pili ni ukurasa mzima wa Kiingereza. Nimeuandika, nikaufuta, nikauandika upya mpaka kila neno likakaa mahali pake. Humo nimekuambia jambo ambalo kwa lugha yetu ningeona haya kukuambia. Usimwonyeshe mhariri mkuu. Usome wewe.

Caihe


Shikan, 28 Aprili 1980

Baba Suisui,

Mzee Hu anapita na baiskeli yake na sasa ananikwepa macho, kama mtu anayenidai.

Je, unaumwa? Mama yako anaumwa? Au ukurasa ule umekukasirisha? Mke wa katibu ananiambia ngoja ngoja huumiza matumbo, kuna seremala aliyefiwa na mke ng'ambo ya mto, ana nyumba ya matofali. Nimemwambia kama nyumba ya matofali inampendeza akaolewe yeye.

Nijibu hata mstari mmoja. Nitukane, lakini nijibu.

Caihe


Shanghai, 16 Mei 1980

Mwalimu Tong,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimetuelemea.

Ukurasa wako wa Februari nimeusoma. Hauna kosa hata moja. Ni mzuri, hongera, lakini kwa kitabu hauna kazi, sina pa kuuweka. Mhariri mkuu ameniuliza kama kisima kimekauka. Neno letu bado lina maana zinazohitaji mifano: kungoja mtu, kungoja jambo, kumhudumia mtu mezani (Waingereza hutumia neno hilohilo, usiniulize kwa nini), na "siwezi kungoja", yaani kuwa na hamu. Tafadhali rudi kuandika kama zamani. Zamani maandishi yako yalikuwa na uhai.

Afya njema kwenu.

Gu Yanchu


Shikan, 1 Juni 1980

Baba Suisui,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Ukurasa ule nilikuambia kwamba nikinyoosha mkono kitandani nagusa ukuta, na kwamba ukuta ule naujua sasa kuliko ninavyoujua uso wako. Wewe umetafuta makosa, hukuyaona, ukaweka chini.

Sawa. Nimeelewa mchezo. Nikiandika vizuri unanyamaza miezi mitatu, na nikikosea unajibu kabla uji haujapoa. Basi nitakosea, mume wangu! Nitakosea mpaka uchoke! Kukosea si kazi rahisi kwa mtu aliyekwisha kujua. Naandika sentensi iliyonyooka kwanza, kisha naivunja mguu, kama anavyofanya ombaomba kwa mtoto wake ili watu wamwonee huruma.

Zako hizi, zimevunjwa vizuri:

"Mtoto wangu lala na kiatu. Yeye fikiri baba kuja usiku, yeye tayari."

"Ukuta si kungoja mtu, mimi si ukuta."

"Miaka mitano mimi hudumia yeye mezani, sasa nani yeye hudumia?"

Ile ya kiatu ni kweli. Kumvua ni vita.

Caihe


Shikan, 9 Agosti 1980

Baba Suisui,

Karatasi zimerudi bila barua, lakini sikununii hata kidogo. Huo wino! Umeacha penseli, umenunua kalamu ya wino mwekundu, na hukuacha mstari hata mmoja bila neno lako. Zamani ulikuwa unakata tu na kunung'unika. Sasa pembeni ya ile ya kiatu umeandika, "Sentensi hii imenigusa. Msomaji atamwona mtoto." Pembeni ya ile ya ukuta umeandika, "Pole, Mwalimu." Pole! Tangu tuoane hukuwahi kuniambia pole, hata siku niliyojifungua, ulisema tu, "Loo, katoka haraka." Hata mwandiko wako umetulia. Nadhani mji unakulea vizuri, au umbali umekufundisha adabu.

Suisui kanyang'anya ile karatasi ya kiatu. Kaikunja, kaitia chini ya mto, na kabla ya kulala ananusa wino. Anasema baba ananukia dawa. Nimemwambia ndiyo, hiyo ni harufu ya baba.

Sasa habari mbaya, nikuambie na tuimalize. Mkaguzi wa wilaya alikuja shuleni, akakaa nyuma ya darasa. Nikaandika ubaoni sentensi ya neno letu, na mkono wangu ukaivunja wenyewe, kwa mazoea. Niliiona imekaa pale imevunjika na nikashindwa kuinyoosha haraka. Mkaguzi akaandika. Darasa amepewa kijana aliyemaliza sekondari mjini, na mimi nimerudi shambani na jembe langu. Watoto walilia wawili, wengine walifurahi kwa sababu ya fimbo.

Sijali. Ulisema utatuvuta. Mavuno yakiisha nitakuja na Suisui, nikae hata juu ya ubao wako karibu na dari. Nikijigonga kichwa nitajua nimefika.

Na nimeongeza sentensi saba. Zisahihishe kwa wino uleule.

Caihe wako


Shanghai, 3 Septemba 1980

Mwalimu Tong,

Msije. Narudia, msije. Chumba bado, na mkija mtaharibu kila kitu nilichojenga. Mtoto huandikishwa alikoandikishwa mama yake, na hiyo ni Shikan, kwa hiyo hapa hana mgao wa mchele wala shule. Hilo si langu, ni la serikali.

Kwa darasa, pole. Ungekuwa mwangalifu.

Kitabu kimekwenda kiwandani. Nimehamishiwa rasmi kwa wahariri. Sentensi zako zimenisaidia, sitasahau. Subiri uone.

Gu


Shanghai, 18 Februari 1981

Mpendwa Mwalimu Tong,

Hunijui, nami najiona kama nakujua. Jina langu ni Ruan Zhiyi, mhariri wa Kiingereza. Mume wangu Gu Yanchu yuko Beijing kwenye mkutano wa vitabu, nami nimeipata anwani yako katika bahasha zake, nikasema leo lazima nimwandikie mwenyewe mama huyu wa sentensi.

Pamoja na barua hii kuna nakala ya kitabu chetu na pakiti ya peremende za maziwa. Fungua kwenye neno wait. Zako zote zimo! Mwanzoni nilikuwa nazipokea tu kutoka kwake na kusahihisha, yeye hana subira ya kazi ya wino, maskini. Lakini tangu ile ya mtoto anayelala na kiatu nilikuwa naziomba. "Mwalimu Tong hajaleta?" Yeye ananicheka kwa hilo. Ni mimi niliyekuwa nikikuandikia pembeni, natumaini hukuona nimevuka mpaka. Nilimuuliza kama mtoto huyo yupo kweli, akasema hapana, unatunga, una kipaji. Kipaji hasa! Tumepata barua za wasomaji. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi anasema ameikariri ile ya daraja huku akilia, ile yenye alama ya kosa, siyo ya vema.

Tulioana Oktoba, kimya kimya, baada ya kupewa chumba. Unajua maisha aliyopitia huko kwenu. Aliwahi kuozwa mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma, wakaachana bila mtoto. Hapendi kuyazungumza na mimi simchokozi. Nina mimba ya miezi minne, na huenda ndiyo maana sentensi zako zinanitoa machozi mpaka wenzangu wananiletea maji.

Tunatayarisha chapa ya pili. Mifano ya "kumhudumia mtu mezani" bado ni dhaifu. Utatutungia michache? Na kama unaye mtoto, peremende ni zake.

Wako kwa heshima,
Ruan Zhiyi


Shikan, 10 Machi 1981

Bibi Ruan,

Peremende zimefika. Suisui amekula moja, nyingine amezificha, anasema baba akija asikute karatasi tupu.

Suisui ni binti wa Gu Yanchu. Ana miaka mitano na nusu. Mimi ndiye yule mwanamke asiyejua kusoma.

Sitakutukana. Nilikaa siku nyingi nikitafuta tusi la kukufaa, nikaona kila ninalolipata ni lake yeye. Ila nikwambie jambo moja lililonikata maini kuliko ndoa yenu. Ndoa ningeweza kuibeba, wanawake wengi wa huku wameachwa na vijana wa Shanghai, tungekaa kisimani tukawasema mpaka jua litue. Lakini wino ule nilikuwa naupenda. Nilijua nimepata hatimaye mume anayeona ninapoumia na kuandika pole pembeni. Miezi saba nimekupenda wewe, Bibi Ruan, nikidhani ni yeye. Mtoto wangu amelala na mwandiko wako shavuni. Sasa mnataka nimwambie harufu ile ni ya nani?

Umeomba sentensi. Hizi hapa kwa Kiingereza, na safari hii sikuvunja hata moja mguu.

"Nilimhudumia mezani Gu Yanchu miaka mitano, na alipenda pilipili chachu juu ya wali lakini aliona aibu kuomba mara ya pili."

"Chini ya goti lake la kushoto kuna kovu la mundu, nililishona mimi kwa uzi wa viatu tukingoja daktari ambaye hakufika."

"Aliniomba tuachane kwa karatasi tu, nikaandika jina langu na kutia dole gumba, na tangu siku hiyo nangoja."

"Binti yake hamngoji tena darajani, kwa sababu dereva wa trekta amemwambia aache kumwaibisha mama yake."

"Sikuweza kungoja kumwona, kwa hiyo niliuza nguruwe nikanunua tiketi mbili, na barua yake ya kutukataza ikafika kabla ya treni."

"Bibi Ruan, na wewe unangoja nini?"

Soma, kisha mpe azisome. Akikana, mvue kiatu na umkunje suruali. Kovu halijui kudanganya.

Sitaki kumrudisha. Mtu wa namna hiyo hata nyati wetu angemhurumia kwa ujinga. Nataka kitu kimoja tu: aandike kwa mkono wake kwamba Suisui ni mtoto wake, ili atakapokwenda shule asiitwe mtoto wa barabarani, maana wameanza kumwita hivyo. Mstari mmoja unatosha. Wewe ni mwanamke na una mimba. Mshike mkono aandike.

Karatasi ndogo iliyokunjwa ni ya Suisui mwenyewe. Nimemfundisha herufi nilipokosa wengine wa kuwafundisha. Alitaka kumwandikia baba kwa lugha ya kitabu. Anasema, "Baba mimi ngoja. Mimi sasa refu." Sikuigusa.

Tong Caihe


Shanghai, 22 Aprili 1981

Mwalimu Tong,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma yote. Nililia, nikanawa uso, nikampelekea aisome mezani tulipokuwa tunakula. Hakukana. Aliendelea kula. Kovu nililijua, aliniambia ni la utotoni.

Mstari unaouomba hawezi kuuandika. Yeye alisema hivyo, na nilipofikiri nikakubali. Ukiandikwa, ofisi itajua kwamba aliwadanganya hana mtoto na kwamba talaka ile ilikuwa hila ya kupata kazi, na kazi itakwenda, na chumba kitakwenda. Mwanangu atazaliwa Agosti. Lazima azaliwe mahali. Wewe ni mama, utanielewa, na usiponielewa sitakulaumu.

Tafadhali usituandikie tena nyumbani. Barua zitakazokuja zitarudishwa bila kufunguliwa.

Kuhusu kazi ya chapa ya pili: sentensi zako sita hazina kosa lolote, kwa hiyo hatutaweza kuzitumia. Nimekurudishia.

Ile ya mtoto ina makosa mawili, nayo ni mazuri sana, ya kweli kabisa. Tumeipokea. Itakuwa ya kwanza chini ya neno. Gu mwenyewe ameinyoosha, nami nimetia alama ya vema. Kitabu kikitoka, nakala moja italetwa kwa jina la Suisui.

Kwa niaba ya ofisi ya uhariri,
Ruan Zhiyi